SOMO: Namna ya kuagiza ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, wa kuchongewa

Wakuu, swali la "nimwambie nini mchongaji?" haliishi, na kila likija najibu upya kuanzia mwanzo. Leo naliandika lote. Soma mpaka mwisho ndipo uulize.

Jambo la kwanza: mchongaji hajakuona majini, na pengine hajawahi kuliona wimbi lako. Anachonga maneno yako. Ukimweleza mtu unayetamani kuwa, atamchongea huyo, na wewe utabaki na ubao usiokubeba.

1. Eleza wimbi. Usiseme "mawimbi ya kawaida". Linavunjikia mwambani au mchangani? Linakwenda kulia au kushoto? Linasimama wima ghafla au linamwagika taratibu? Taja kimo cha siku nyingi, si cha ile siku moja kubwa ya mwaka. Sema pia linavyobadilika maji yakijaa na yakipwa, na wakati wa bamvua.

2. Jieleze. Uzito, urefu, umri, mguu unaotangulia, mara ngapi kwa mwezi unaingia majini. Kama una bega au goti bovu, sema.

3. Pima ubao ulio nao. Urefu kwa futi, upana na unene kwa inchi. Wachongaji wengi huhesabu hivyo. Andika unachokipenda na kinachokukera: "unachelewa kushika wimbi", "nyuma unachomoka nikikata kona". Maneno hayo yanamsaidia fundi kuliko picha za mbao za mabingwa.

4. Ujazo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo someni polepole. Ujazo ni lita za ubao mzima, na ndio unaoamua utaelea kiasi gani. Kadirio linalotumika sana ni uzito wako kwa kilo mara namba ya kiwango chako. Mzoefu wa kweli ni kama 0.35 hadi 0.40, wa kati, karibu 0.45 hadi 0.55, anayejifunza, 0.7 na kuendelea. Mtu wa kilo 75 basi: mzoefu ana lita 28 hivi, wa kati anakaribia 37, mwanafunzi anavuka 52. Ona pengo lilivyo kubwa! Ukijipandisha daraja moja tu, umejinyima lita kumi na mawimbi utayakosa.

Tahadhari tatu. Moja, pima uzito wa sasa, na kama unavaa suti nene ya mpira kwa maji ya baridi, ihesabu. Pili, lita hazisemi povu (kiini chepesi cha ubao) limekaa wapi. Mbao mbili za lita 30 zinaweza kutofautiana kabisa: moja nyembamba kingoni na nene katikati, nyingine nene hadi kingoni. Ya pili itagoma kuzama ukingo wake unapoulaza kwenye kona. Tatu, usimwambie fundi "fupisha, ila lita zibaki zilezile" bila kumuuliza nyongeza itakwenda wapi. Ikienda kwenye upana, ubao unakuwa mzito kuugeuza kutoka ukingo hadi ukingo. Ikienda kwenye unene, unarudi kwenye tatizo la kingo.

5. Mpindo na umbo. Wimbi dhaifu linataka ubao ulionyooka zaidi na mpana mbele, maana mpindo mkubwa (ubao ukijikunja juu kutoka mbele hadi nyuma) unasukuma maji na kuua kasi. Wimbi linalosimama wima linataka omo (ncha ya mbele) iliyoinuka, la sivyo utachoma maji ukishuka. Tezi, yaani ncha ya nyuma, ikiwa pana inabeba kwenye wimbi dogo. Tezi iliyochongoka inashika maji kwenye wimbi kubwa. Mengine mwachie fundi, ndiyo kazi yake.

6. Mapezi, yale ya chini ya ubao upande wa nyuma. Matatu kama huna hakika.

7. Povu na gundi. Ubao wa povu la poliuretani kwa gundi ya poliesta ni mzito kidogo na unatulia maji yakichafuka. Wa EPS (povu la polistirini) kwa gundi ya epoksi ni mwepesi, unaelea juu zaidi na haubonyei upesi, ila ukitoboka unanyonya maji.

8. Pokea vipimo kwa maandishi kabla povu halijakatwa. Rangi iwe ya mwisho.

MASWALI

Chelezo: Mkuu, nina kilo 80, nichukue lita ngapi?

Mleta somo: Hatua ya 4. Hujasema kiwango chako wala wimbi lako.

Chelezo: Mimi ni wa kati. Ila nimeona bingwa wa kilo 80 anatumia lita 30.

Mleta somo: Bingwa anashinda majini kila siku na anachagua wimbi bora. Kama kweli ni wa kati, anza lita 38.

Upepo wa Bara: Kwa nini mapezi matatu na si mawili? Ya mawili naona yana kasi.

Mleta somo: Swali zuri sana. Yana kasi kweli: Mark Richards wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akijulikana kwa mbao za mapezi mawili. Shida ni wimbi kubwa na lenye nguvu, nyuma inateleza. Mwenzake Simon Anderson akaongeza la tatu katikati mwaka 1980, na 1981 akashinda mashindano ya Bells Beach, Australia, kwenye mawimbi makubwa. Ukiwa na wimbi dogo lenye ukuta mrefu, agiza mawili bila woga. Au mwambie fundi aweke visanduku vitano vya kuchomekea mapezi, ujaribu matatu na manne kwenye ubao uleule.

Kasa: Somo refu mno. Fupisha.

Mleta somo: Hatua ya 3 na ya 4. Usizivuke.

Maji Mafu: Mimi nateleza kwenye wimbi la mtoni. Hesabu ni ileile?

Mleta somo: Maji yasiyo na chumvi yanaelesha pungufu kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo ongeza lita moja. Ila wimbi la mtoni limesimama palepale na hupigi mikono kulikimbilia, hivyo wengi hutumia mbao fupi. Mweleze fundi wazi kwamba ni mto.

Upepo wa Bara: Na ubao wa EPS ukitoboka, naziba na gundi yoyote?

Mleta somo: Hapana! Gundi ya poliesta inaliyeyusha povu la EPS. Tumia epoksi tu. Toka majini mara moja, geuza tundu litazame chini, acha likauke siku kadhaa ndipo uzibe. Wala usiuache ndani ya gari juani, povu litavimba na faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo kinachofunika povu) itabanduka.

Kasa: Nimerudi kusoma yote. Nimepima wangu: futi 6 na inchi 2, upana 19, unene 2 na robo. Nina kilo 88, wimbi letu ni la mchangani na dhaifu.

Mleta somo: Ahsante, sasa tunaongea. Huo una lita 28 hivi, ni mdogo sana kwako. Niambie umeteleza muda gani na mguu upi unatangulia, tuandike oda pamoja.