Kurekebisha hitilafu ya ubadilishaji wa diski katika msimbo wa Btrfs

Stima ikipotea Nairobi wakati seva inabadilishiwa diski, Btrfs, mfumo wa faili wa Linux, haianzi kazi hiyo upya. Tangu Linux 3.8 ya mwaka 2013, hatua iliyofikiwa huandikwa kwenye diski zenyewe, na mfumo wa faili unapopachikwa tena, kerneli (kiini cha Linux) huendelea ilipoachia. Hitilafu tunayoishughulikia hujitokeza pale ambapo diski mpya haipo tena, pengine kwa sababu imeonekana mbovu na kurudishwa dukani Luthuli Avenue. Kerneli za sasa zina tiba yake. Maelezo haya ni ya anayetunza kerneli ya zamani.

Izalishe hitilafu hiyo kwanza katika mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine), kamwe si kwenye diski zenye data za watu. Tengeneza faili tatu kwa `truncate`, zifanye diski kwa `losetup`, kisha unda RAID1 (mpangilio unaoweka data ileile kwenye diski mbili) juu ya mbili za kwanza na uijaze gigabaiti kadhaa, kwa kuwa data ikiwa kidogo kazi itakwisha kabla hujaikatiza. Anzisha `btrfs replace start` kuelekea diski ya tatu, izime mashine pepe ghafla kazi ikiwa katikati, iwashe tena, unganisha kwa `losetup` diski mbili za kwanza pekee, endesha `btrfs device scan`, halafu pachika kwa `-o degraded`, inayoruhusu kupachika hata diski ikikosekana. Ukiuliza `btrfs replace status`, utajibiwa kana kwamba kazi inaendelea, ilhali hakuna uzi (kazi ndogo ndani ya kerneli) unaonakili chochote.

Sasa fungua `fs/btrfs/dev-replace.c`, kwenye `btrfs_resume_dev_replace_async`. Hali huwekwa STARTED (imeanza) kwanza, ndipo diski lengwa inapokaguliwa. Isipokuwepo, msimbo hurejea mapema bila kuirudisha hali kuwa SUSPENDED (imesitishwa). Tiba ni mstari mmoja wa kuirudisha, nao lazima utangulie kuachiliwa kwa kufuli linalozuia nyuzi nyingine kuigusa hali hiyo, maana likishaachiliwa, uzi mwingine unaweza kusoma hali isiyo ya kweli. Usiishie hapo: pitia kila `return` iliyo chini ya badiliko la hali, kwa kuwa kosa la namna hii ni nadra kuwa peke yake.

Unda kerneli ukiwa umewasha `CONFIG_PROVE_LOCKING` na `CONFIG_KASAN`, zinazonasa makosa ya kufuli na ya kumbukumbu, rudia jaribio, uhakikishe `btrfs replace cancel` inafaulu, kisha endesha `./check -g replace` ya xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili. Kiraka chako (faili ya marekebisho) kibebe `Signed-off-by`, yaani sahihi yako, na mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za kwanza za kitambulisho cha badiliko lililoleta kosa, ili watunzaji wa matoleo ya zamani wajue waanzie toleo gani kukiingiza.