Kupima Ugumu wa Chuma cha Pua Kilichopigwa Ioni
Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyepata ongezeko kubwa la ugumu kwenye kipande cha 316L (aina ya chuma cha pua) ambacho hakikuwa kimepigwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, hata moja.

Hatua ya 1: Kung'arisha. Shuka na misasa kama kawaida hadi unga wa almasi wa mikromita 1, lakini usiishie hapo. Uso unaong'aa kama kioo bado una tabaka lililokandamizwa na msasa, gumu kuliko chuma kilicho chini yake, na kwa kuwa ncha ya kupimia huingia nanomita mia chache tu, unachopima ni msasa wako. Kwenye 304, aina nyingine ya chuma cha pua, ni vibaya zaidi, maana mkandamizo wenyewe hugeuza sehemu ya austeniti (muundo wa kawaida wa fuwele zake) kuwa martensiti, muundo mgumu zaidi. Wapo wanaotegemea rojo ya silika. Mimi hung'arisha kwa umeme, kwa sababu mkondo huliyeyusha tabaka hilo bila kulisugua. (Ikiwa mchanganyiko una asidi ya perikloriki, uweke baridi muda wote, hulipuka.) Kisha pima ugumu, rudisha kipande kwenye umeme kwa sekunde chache, upime tena: namba ikishuka, tabaka lilikuwa bado lipo, na kazi haijaisha. Mimi nilipoteza wiki mbili kwa kuruka jaribio hili.

Hatua ya 2: Kupiga ioni. Funika nusu ya kipande ili upande wa kulinganishia upitie joto lile lile. Napendelea ioni za chuma chenyewe, kwa kuwa haziingizi elementi ngeni. Zikiwa na nishati ya MeV 5 (elektronivolti milioni 5) hazifiki kina cha mikromita 2. Kokotoa uharibifu kwa SRIM, programu ya kompyuta inayofuatilia mwendo wa ioni ndani ya chuma.

Hatua ya 3: Kupima. Atomu zilizong'olewa mahali pake hujikusanya kuwa vitanzi vya nanomita chache, navyo huzuia matabaka ya fuwele yasiteleze; ndiyo maana chuma huwa kigumu. Hata hivyo, ncha huvuruga chuma hadi mara 5 au 10 ya kina ilichofika, hivyo kipimo cha nanomita 300 tayari kinaweza kugusa chuma laini cha chini, ambacho ioni hazikukifikia. Chora grafu ya ugumu uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya 1 gawanya kwa kina, kwa kanuni ya Nix na Gao ya 1998. Upande uliofunikwa hutoa mstari ulionyooka. Upande uliopigwa hujikunja pale ncha inapoanza kuhisi chuma laini, nawe tumia vipimo vya kina kidogo, kabla ncha haijafika kwenye mkunjo, ukitupa vipimo vya chini ya nanomita 100.