Taa ya injini inapoendelea kuwaka baada ya ekzosi kuchomelewa

Gari limetoka kwa fundi wa kuchomelea, mngurumo umetulia na harufu ya moshi haiingii tena ndani, lakini baada ya siku mbili taa ya injini inawaka upya. Hapo ndipo wengi huambiwa wanunue sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi) au masega mapya (kifaa kilicho kwenye ekzosi kinachosafisha gesi za moshi), na fedha nyingi hupotea. Ninakusihi usinunue chochote kabla hujakagua sehemu ile ile iliyoguswa na fundi, kwa kuwa mara nyingi kosa limeachwa hapo hapo bila kumalizwa, au limezaliwa hapo wakati wa kazi.

Ikiwa taa inawaka na kuzima kwa kumetameta, suala ni jingine kabisa. Kuna silinda isiyochoma vizuri, na petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuyaunguza. Egesha gari na ushughulikie plagi na koili, zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, kwanza.

Kama taa inawaka bila kumetameta, chomeka kifaa cha kupimia kwenye soketi yenye matundu 16 iliyo chini ya usukani, kisha uandike namba zote za kosa kabla ya kufuta chochote. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayaelewani na vifaa vya bei ndogo, hivyo huenda ukahitaji fundi mwenye mashine kubwa. P0420 ina maana kwamba kompyuta ya gari haioni kazi ya masega. P0135 na P0141 zinahusu kihita kilicho ndani ya sensa ya oksijeni ya mbele (kabla ya masega) na ya nyuma (baada ya masega). P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kumbuka pia kwamba kama taa ilikuwa inawaka tangu kabla ya matengenezo na hakuna aliyeifuta, inaweza kubaki hivyo kwa muda hata kama kosa limekwisha, kwani kwa kawaida kompyuta huizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na hitilafu.

Baada ya hapo tafuta uvujaji. Watu hudhani kwamba tundu dogo kwenye ekzosi hutoa moshi tu, kumbe pia huvuta hewa. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo moja na jingine mgandamizo ndani ya bomba hushuka, hewa ya nje ikapenya. Sensa ikiionja hewa hiyo hutoa taarifa kwamba oksijeni imezidi, na kompyuta huongeza mafuta yasiyohitajika. Kwa hiyo tundu lililo karibu na sensa, hasa mbele yake, lina madhara makubwa kuliko ukubwa wake, ilhali tundu la kule nyuma kabisa kwa kawaida ni kelele tu.

Fanya kazi hii nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua. Washa gari asubuhi bomba likiwa bado baridi, mwombe mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, nawe usikilize mlio wa hewa na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo na gasketi. Usisahau upande wa juu wa bomba. Fundi aliyelala chini huchomelea tumbo la bomba vizuri, lakini mgongo unaotazama bodi hauoni. Kwenye Corolla niliyokuwa nikiitumia, iliyokuwa ikitoa P0420 kila baada ya siku mbili, nilipitisha kioo kidogo na tochi juu ya mshono nikaona alama nyeusi ya masizi, nyembamba kama mstari wa penseli, ikianzia kwenye kitundu kisichozidi kichwa cha pini. Mshono ulichomelewa upya, na masega niliyoambiwa yamekufa yakaendelea kufanya kazi.

Usipopata uvujaji, fuata nyaya za sensa kwa vidole, kutoka kwenye sensa hadi kwenye kiunganishi chake. Tafuta waya uliolala juu ya bomba ukayeyuka, au uliovutwa bomba liliposhushwa. Angalia pia kama kuna silikoni ya kawaida iliyotumika kuziba kiungo, maana mvuke wake huharibu sensa.

Masega nayo yanahitaji ukweli. Wapo wanaoyatoa na kuyauza, kwa kuwa ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, kisha wakarudisha ganda tupu. Ligonge kwa nyundo ya mpira: ganda tupu hulia kama debe, na masega yaliyovunjika hucheza ndani. Katika vipimo vya moja kwa moja kwenye kifaa, injini ikiwa ya moto na mzunguko wake umetulia, sensa ya nyuma ya gari lenye masega mazima hutulia karibu na volti 0.6 au 0.7. Lakini kama inapanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9, nawe umeshahakikisha hakuna uvujaji, masega hayafanyi kazi, na hakuna kufuta kutakakosaidia.

Ukimaliza kurekebisha, futa namba kwa kifaa, kisha uendeshe gari kwenye barabara isiyo na foleni, injini ikiwa ya moto na mwendo ukiwa sawa kwa dakika kumi na zaidi, kwa sababu kompyuta haiyapimi masega ndani ya msongamano. Rudia siku ya pili, kwani P0420 kwa kawaida huwasha taa baada ya kuonekana katika safari mbili. Halafu fungua ukurasa wa majaribio kwenye kifaa: jaribio la masega likionyesha limekamilika na hakuna namba ya kosa inayosubiri kuthibitishwa, kazi imekwisha.