Mjusi wa ndevu akigeuka manjano, usimkwangue

Kama gamba la mjusi wako wa ndevu limeingia umanjano usiotoka, weka chini hicho kitambaa ulichoshika. Mimi nilikwangua. Mswaki laini, maji ya vuguvugu, jioni tatu mfululizo, nikijiona namsaidia kuambua ngozi. Kumbe kila nilipochubua nilikuwa naifungulia fangasi mlango.

Natokea Tanga, naishi Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni kulea wazee zamu ya usiku. Mjusi ni wa binti yangu Rehema. Anaitwa Nahodha, kwa jinsi anavyosimama juu ya jiwe lake kifua mbele kama anatafuta bandari. Mama yangu akipiga simu ya video anakataa kuonyeshwa "huyo kenge". Si kenge, ni Pogona vitticeps, mjusi wa nyika kavu za Australia, na huku Ulaya watu wanamfuga kama sisi tunavyofuga paka. Nyika kavu. Shikilia hayo maneno mawili, maana nyumba yangu haikuwa kavu hata kidogo.

Kwanza jifunze kutofautisha. Mjusi mzima anapojivua gamba, ngozi hufifia, ikawa nyeupe ya kijivujivu kama karatasi ya kufungia andazi, kisha hutoka vipande vipande na chini yake kuna ngozi mpya safi. (Tanzania ya 2011 tulisikia sana habari za chama tawala, CCM, kujivua gamba, na huyu wangu alikuwa kama wale: maneno mengi, gamba halitoki.) Fangasi haifanyi hivyo. Inaanza kama doa la manjano au kahawia, mara nyingi karibu na mdomo, miguuni au tumboni. Magamba ya hapo yanakuwa manene na makavu, yanashikana, yanafanya ukoko. Ukoko ukibanduka, chini yake ni nyama mbichi, nyekundu, yenye majimaji. Doa la Nahodha lilikuwa chini ya taya la kushoto, dogo kuliko punje ya mahindi. Baada ya wiki mbili likawa sawa na kucha ya kidole gumba changu, na la pili likatokea kwenye kidole cha mguu wa nyuma, kikavimba.

Wapo mijusi wa manjano wa kuzaliwa, kwa hiyo rangi peke yake isikutishe. Piga picha. Weka sarafu pembeni ya doa, taa ile ile, kila baada ya siku tatu. Doa linalokua, au lililobaki palepale hata baada ya kujivua gamba, si rangi yake. Picha hizo ndizo zilizomfanya daktari wa pili anisikilize.

Nasema wa pili kwa sababu wa kwanza alizoea mbwa na paka. Alimtazama, akasema ni bakteria, akatupatia dawa ya kupaka. Wiki tatu zikaenda hivyo. Simlaumu sana, kwa macho magonjwa haya yanafanana, lakini ndiyo maana nakwambia: tafuta daktari wa wanyama anayetibu reptilia, na usitoke kwake na dawa ya kubahatisha. Omba kipimo. Anakata kipande kidogo cha ngozi, kinapelekwa maabara, kinatazamwa kwa hadubini na kuoteshwa, au kinapimwa vinasaba kwa PCR. Kusugua pamba juu ya ngozi hakutoshi, kwa sababu juu ya ngozi ya mjusi kuna kuvu za kila aina zisizo na habari na mtu, na inayotafutwa imejichimbia ndani. Majibu yetu yalichukua siku kumi na mbili. Yalisema Nannizziopsis guarroi, ndilo jina la fangasi yenyewe. Ukisoma makala za zamani utakuta herufi CANV. Ni ukoo uleule, wataalamu waliupanga upya mwaka 2013.

Fangasi hii si ile ya miguuni kwetu inayowasha ukaishia kupaka krimu. Inaanza kwenye ngozi, inashuka kwenye nyama, inafika kwenye mfupa, na mwisho kwenye viungo vya ndani. Mama alishauri mwarobaini na mafuta ya nazi. Nilipaka, sikatai, na ngozi ikang'aa siku mbili. Lakini mafuta yanaziba unyevu hapohapo fangasi inapoutaka. Krimu ya fangasi ya binadamu nayo inaishia juu.

Kabla hata hujaenda kwa daktari, siku hiyohiyo, mtenge. Tulikuwa na mjusi wa pili. Dada mmoja aliyekuwa anahama mji alitupatia bure, na mimi, kwa tamaa ya cha bure, nikamtia kizimba kimoja na Nahodha usiku uleule. Makosa mawili kwa mkupuo: mijusi hawa hawapendi kugawana chumba, na mgeni anatakiwa akae peke yake miezi mitatu kabla ya kukaribia wenyeji. Ugonjwa huu unaambukiza kutoka mjusi hadi mjusi. Mgeni alikuwa na vidole viwili vilivyokatika na gamba gumu mgongoni, nikaambiwa ni ajali ya zamani. Kila mmoja awe na bakuli lake, koleo lake la kushikia nyenje, taulo lake. Mhudumie mzima kwanza, mgonjwa mwisho, kwa glavu, kisha nawa mikono.

Sasa kizimba. Toa mchanga wote utupe. Magogo na matawi nayo tupa, hata kama yalikugharimu, kwa sababu mti una vitundu na dawa haifiki huko. Tandika tishu za jikoni, zibadilishe kila siku, tena kila akichafua. Kioo, jiwe na bakuli vioshe kwa sabuni mpaka uchafu uondoke, maana jiki haifanyi kazi juu ya kinyesi, kisha pitisha jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, uache dakika kumi, suuza, kausha kabisa. Mjusi awe chumba kingine, dirisha wazi, na jiki usiichanganye na kitu chochote zaidi ya maji. Wala usioshee vyombo vyake kwenye sinki la jikoni. Hata mjusi mzima anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha.

Halafu joto, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Majira ya baridi ya 2022 umeme ulipanda bei hapa kila mtu akalia, na mimi nikawa nazima taa ya Nahodha saa nane mchana. Chumba hichohicho ndimo tulimoanika nguo. Baadaye nilipoweka kipima unyevu kilisoma asilimia 68. Mjusi wa ndevu anataka 30 hadi 40. Mwili wake hautengenezi joto, kinga yake inafanya kazi akiwa ameota jua la kutosha, kwa hiyo mjusi aliyepoa ni nyumba isiyo na mlinzi. Mahali pa kuota pawe nyuzi 38 hadi 42, upande wa pili nyuzi 25 hivi ili apate pa kukimbilia, taa ziwake kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Pima pale juu ya jiwe, usipime ukutani. Taa ya UVB, ile ya miale kama ya jua, nayo huchoka kabla ya kuzimika: inawaka, unaiona, lakini miale yenyewe imeisha. Andika tarehe uliyoifunga. Ya kwangu ilikuwa na miaka miwili.

Dawa yenyewe ni ya daktari, wewe kazi yako ni kuifikisha. Nahodha alipewa vorikonazoli, dawa ya fangasi ya kunywa, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Siku hiyo alikuwa gramu 380, kwa hiyo miligramu 3.8, tone dogo kwenye bomba lisilo na sindano. Daktari alieleza kwa nini hakuchagua itrakonazoli: utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba nayo huua fangasi, ila mijusi wengi waliopewa walikufa, na kwa vorikonazoli alikufa mmoja. Hata hivyo ini huchunguzwa kwa damu kila baada ya muda. Usijinunulie mtandaoni.

Kumnywesha: usimpanue mdomo kwa kucha, atakuchukia na taya litaumia. Mshike kifua kwa kiganja, paka tone kwenye ncha ya pua. Atalamba. Subiri, ongeza jingine. Rehema ndiye aliyegundua hili. Mimi nilishaumwa mara mbili. Vidonda tuliviosha kwa klorheksidini, dawa ya kuulia vijidudu, iliyozimuliwa kama tulivyoelekezwa, kwa kudondosha, bila kusugua. Ukoko uliokufa alikuja kuutoa daktari mwenyewe, mjusi akiwa amelazwa usingizi.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila Ijumaa, asubuhi kabla hajala. Akikataa nyenje, mpe funza laini, majani ya boga yaliyokatwa, maji ya kulamba. Gramu zikishuka wiki mbili mfululizo piga simu, usingoje miadi. Na usiache dawa kwa sababu ngozi imependeza. Mwezi wa pili wa dawa Nahodha alionekana mzima kabisa, kipimo kikarudi bado ipo. Alikunywa dawa miezi mitano.

Yule mgeni, fangasi ilikuwa imefika kwenye mfupa wa mguu. Daktari alituonyesha picha ya eksirei, akanyamaza, tukaelewa. Alichomwa sindano ya kulala siku ya Jumanne, Rehema akiwa shule. Alipoambiwa aliuliza kama waliiwasha taa ya joto mezani, asife na baridi. Nilimwambia waliwasha. Waliwasha kweli, niliwaomba.

Nahodha amebaki na vidole vinne mguu ule na baka jeupe chini ya taya lisilobadilika kwenye picha. Karatasi ya uzito ipo kwenye mlango wa friji. Ijumaa hii amefika gramu 421.