SOMO: Kutembea kwenye mikoko ya Kunduchi maji yakiwa yamekupwa

Wadau, habari za leo. Wakazi wengi wa Dar tunaiona mikoko kwa mbali tukielekea ufukweni. Ukiingia ndani yake utakuta mimea ya ajabu kweli, na matembezi yenyewe ni mepesi.

1. Panga kwa kufuata maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata, kupwa huchelewa kwa kama dakika 50. Waulize wavuvi, hawakosei.

2. Shuka daladala Mtongani, chukua bodaboda hadi Kunduchi. Jitambulishe serikali ya mtaa na uombe mwenyeji wa kukuongoza. Mikoko ni msitu wa hifadhi, usikate hata kijiti.

3. Vaa raba za kamba. Ndala zitabaki topeni.

4. Anza na mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko. Okota jani moja lililokwisha kudondoka, liguse kwa ulimi: chumvi tupu! Mti huu hunyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Chini utaona vijiti vimechomoza topeni kama penseli. Hiyo ni mizizi inayovuta hewa, kwa sababu tope halina hewa. Tafadhali msiikanyage.

5. Sogea kwenye mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojipinda kutoka shinani. Vile virefu vya kijani vinavyoning'inia watu huvidhania matunda. Ni miche! Mbegu huota ingali mtini, kisha mche hudondoka na kujichomeka topeni, au huelea ukaota mbali. Mimi hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote.

6. Maji yakianza kuingia, rudini. Vijito hujaa kwanza na kuwafungia njia.

MASWALI

— Mkuu, mchu na mlilana nitavitofautishaje? Vyote vina mizizi ya juu.
Mizizi ya mlilana ni minene, imechongoka kwenda juu, na majani yake ni ya mviringo. Wenyewe husimama upande wa baharini kabisa. Jani la mchu limechongoka, na chini lina weupe wa kijivu.

— Kaka, watoto wanaweza?
Wanaweza, dada yangu, ila waishie ukingoni kwenye michu. Tope la ndani linawafika magotini.

— Ule mkandaa wa kutia ngozi rangi upo?
Upo, ni ule mfupi mfupi nyuma ya mikoko. Gamba lake ndilo lililotumika. Uangalieni tu, msiubandue.