Kuchagua boksi la spika la amplifaya ya gitaa ya zamani

Kabla hujafikiria saundi cheki omu kwanza (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), geuza amplifaya nyuma usome imeandikwa 4, 8 au 16, na boksi liwe hivyo hivyo. Hizi za valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) zina transfoma ya kutolea sauti na ndo kitu kinachouma kukipoteza, so usiiwashe amplifaya kabisa bila spika maana transfoma inaweza kuungua. Na usidhani zote ni 8, Fender Bassman ya 1959 ina spika nne za inchi 10, kila moja omu 8, zimeungwa sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja) inakuwa omu 2! Ukiziunga mbili za 8 sambamba unapata 4, ukizifuatanisha moja nyuma ya nyingine 16.

Wati nazo, acha nafasi. Amplifaya ya wati 50 ukiifungulia mpaka ikwaruze inatoa zaidi ya 50, kwahiyo spika moja ya Celestion Greenback ya wati 25 haitoboi, weka nne.

Boksi la mgongo wazi sauti inasambaa chumbani, la mgongo uliofungwa besi inakita. Mi kwa amplifaya ndogo napenda wazi, inapumua vizuri sana aisee.

Waya wa kutoka amplifaya kwenda boksi uwe wa spika, sio ule wa gitaa.