Darasa la shule ya kata: kulifikisha kwenye lenta lisibaki gofu

Maboma yasiyo na bati katika shule za kata mara nyingi hayakukwama kwa kukosa matofali. Yalianza bila mhandisi wa halmashauri kuwa na habari, kwa hiyo hayakuingia kwenye bajeti yoyote. Utaratibu uliozoeleka Tanzania ni wananchi kufikisha ukuta kwenye lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), halmashauri au serikali kuu ikamalizia. Ili imalizie, lazima iwe imelijua boma tangu mwanzo.

Wazo lipite kwanza bodi ya shule, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Muhtasari wenye saini umfikie mkurugenzi wa halmashauri kabla bajeti ya mwaka wa fedha, unaoanza Julai, haijafungwa. Mhandisi awape ramani na mchanganuo wa vifaa. Ramani ya fundi wa mtaani ikitumika, mhandisi anaweza kulikataa boma zima, na atakuwa na haki.

Michango: tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa ajili ya mchango, na walimu wakae mbali na fedha hizo. Zipitie ofisi ya kata, kwa stakabadhi. Aliyeleta lori la mchanga au siku ya kazi naye aandikwe kwa thamani ya shilingi, maana halmashauri itauliza wananchi wametoa nini. Undeni kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Mtu mmoja asiwe kwenye mbili. Anayenunua saruji akiihesabu mwenyewe ikiingia stoo, mifuko hupungua njiani.

Chumba cha kawaida ni mita 9 kwa 7 ndani, wanafunzi 40. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, la sivyo jua la asubuhi au la jioni litawapiga watoto usoni. Mkishapiga mambo (vigingi vya kona), pimeni mshazari, kona kwa kona: vipimo vyote viwili visome mita 11.40. Vikitofautiana hata kwa sentimita tano, rekebisheni hapohapo, kwa sababu kosa hilo litajitokeza tena wakati wa kupaua.

Mtaro wa msingi uwe na upana wa sentimita 60, na kina hadi ardhi ngumu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga msiendelee bila mhandisi. Udongo huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta hupasuka nao. Zege la chini la sentimita 15, kwa uwiano wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), linakula mifuko 13 hivi ya saruji.

Matofali ya inchi 6 yanayohitajika ni kama 1,000 kwa chumba: takriban 285 kwenye msingi (kozi, yaani safu, nne za kulaza), 650 ukutani baada ya kutoa milango na madirisha, na yaliyobaki ni ya kuvunjika. Hapa ndipo wizi wa kimyakimya ulipo. Mfuko wa kilo 50 utoe matofali 25 hadi 30. Fundi anayejisifu kutoa 45 anawauzia mchanga. Yamwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, yakiwa kivulini au yamefunikwa. Yakianikwa juani bila maji, saruji haikomai, na tofali litamomonyoka ukilikwaruza kwa ukucha.

Lenta isifanyiwe ubahili. Iende mzunguko mzima wa jengo, isiishie juu ya madirisha tu. Kwa chumba kimoja ni mita 32 na ushee: nondo nne za mm 12 zikilala sambamba, ambazo ni kama vipande 13 vya mita 12 pamoja na maungio, na ringi (vyuma vya kuzizungushia na kuzishika nondo) za mm 8 kila sentimita 20. Nondo zinapoungana zipishane sentimita 60. Zege la 1:2:4 litataka mifuko 7, na limwagwe siku moja bila kukatisha. Kabla halijakauka, chomekeni vipande vya nondo nyembamba pale kila kenchi (fremu ya mbao ya paa) itakapokaa, vije kuifunga. Paa la shule linalopeperushwa na upepo mara nyingi lilikuwa limeshikwa na misumari mitupu.

Msingi uchimbwe Juni, masika yakiisha, ili paa liwe juu kabla ya vuli na Kidato cha Kwanza wa Januari. Fedha ya kupaua ikichelewa, msijenge kozi za juu ya lenta, na msianzishe boma la pili kwa hamasa. Lifungeni la kwanza: mhandisi akague, asaini, picha ziambatanishwe na barua kwa mkurugenzi na kwa mbunge, kwa ajili ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo.

Kwenye barua hiyohiyo ombeni viti na meza 40 pamoja na vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo kila chumba kipya kinadai matundu mawili zaidi, na hayo watu huyasahau mpaka mkaguzi afike.